Harufu Iliyotoka Uani Kwetu

Zahoro alinijia Ijumaa asubuhi na vifuu saba vya udongo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuletewa asumini.

Nilikuwa nimekaa uani, nyuma ya ua wa makuti, nimejitanda kanga mpya na kujipaka wanja kama mtu anayekwenda harusini. Mama alikuwa sokoni Kariakoo kutafuta samaki wa mchana. Baba alikuwa kwa kinyozi, kama kila Ijumaa. Siku ishirini na mbili sikuwa nimemtia Zahoro machoni, na siku ishirini na mbili si mchezo kwa mtu asiye na subira. Niliposikia kikohozi chake upande wa pili wa ua, moyo ulinidunda mpaka nikaushika kwa mkono.

"Hodi," akasema kwa sauti ya chini.

"Hodi ya nini? Ungechelewa kidogo tu ungekuta nimezeeka."

Akayatanua makuti kwa chini, pale penye upenyo tuliokuwa tunaujua mimi na yeye tu, akaanza kunipitishia vifuu kimoja kimoja, kila kimoja kimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Nikavipokea mpaka vikatimia saba. Nikafunua cha kwanza, udongo. Nikafunua cha pili, udongo.

"Zahoro, wenzio huleta maua."

"Vinuse, Saadiya. Anzia kushoto. Nakuomba, mpenzi wangu, leo usinifanyie mzaha."

Nikachungulia kwenye upenyo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na mashavu yamebonyea. Yule kijana niliyempenda, mwenye mabega ya kubeba mtaimbo mchana kutwa, alikuwa amekwisha. Nikainama kunusa ili asiyaone machozi yangu.

Zahoro alikuwa fundi wa visima, kama baba yake na babu yake. Mwezi wa Rajabu, mwaka ule wa thelathini na nne, wazee wa mtaa wetu, huku karibu na Msimbazi, walimwita akisafishe kisima cha jirani na msikiti na kukizidisha kina. Akashuka na taa yake, akafanya kazi siku nne, maji yakaja safi mpaka wanawake wakampigia vigelegele. Haukupita mwezi, maji yakaanza kunuka mafuta. Chai ikanuka, wali ukanuka. Bi Siwema muuza maandazi alimwaga beseni zima la unga uliokwisha kandwa, akakaa kizingitini akalia. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata fundi: alishuka na taa, akamwaga mafuta kisimani, akanyamaza.

Na fundi huyo wazee wake walikuwa wameshaleta posa yangu. Baba alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Sisi ni watu wa duka, wenye asili ya Arabuni, na mchimba visima hakuwa mkwe aliyemtarajia. Alikuwa anatafuta njia ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Maji yaliponuka, njia ikapatikana. "Mtu aliyewaharibia watu maji yao," alisema barazani, kila mtu akisikia, "nimpe binti yangu?"

Siku ile, baada ya sala ya Ijumaa, wazee walikuwa wakutane petu kulimaliza jambo lenyewe. Kesho yake Bwana Afya angekuja kukifukia kisima, na alikuwa ametaka atajiwe jina la aliyekiharibu. Jina likishaandikwa, Zahoro asingechimba tena hata shimo la nguzo katika mji huu. Na mimi nisingemwona tena, maana hakuna baba anayemwoza bintiye kwa mtu wa namna hiyo.

Nikanusa kifuu cha kwanza. Udongo tu, wenye unyevu wake.

"Huo wa wapi?"

"Upande wa juu wa kisima, kuelekea sokoni. Endelea."

Cha pili, udongo. Cha tatu kilikuwa na kiharufu kidogo. Cha nne nikakunja pua. Nilipofika cha saba sikuhitaji kuinama. Nilifunua jani tu, harufu ikanipiga usoni, nikaijua. Nimekua nayo. Ndiyo harufu ya nguo za baba yangu.

"Nimetoboa ardhi kwa mtaimbo kila hatua kumi," Zahoro akasema. "Pima mbili kwenda chini. Udongo nikautoa kwa mwanzi, nikaufunika, nikauweka juani upate joto, ndipo nikaunusa. Nimerudia mara tatu, Saadiya, nikidhani pua yangu inanidanganya. Mafuta ya taa ya kikombe kimoja hayanuki miezi miwili. Hii ni petroli. Na kadiri ninavyokiacha kisima nikaja huku, ndivyo inavyozidi."

"Na hiki cha saba umekitoa wapi?"

Akagonga ardhi kwa kisigino. "Hapa hapa chochoroni. Chini ya miguu yangu."

Nikageuka, nikatazama kona ya ua wetu, kwenye kifuniko cha chuma. Chini yake ndiko lilikokuwa tangi.

Baba yangu, Hamud bin Muhiddin, alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuweka pampu ya petroli. Ilisimama mbele ya duka, nyekundu, na juu yake chupa kubwa ya kioo ambamo petroli ilionekana ikipanda ukiipiga pampu kwa mkono. Malori ya Morogoro yalisimama kwetu. Baba aliipangusa chupa ile kila asubuhi kwa kitambaa laini, kwa upole kuliko alivyowahi kunipangusa mimi makamasi. Bomba lake lilipita chini ya duka likaja mpaka kwenye tangi uani.

Mimi nilikuwa na jambo ambalo Zahoro hakulijua. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea ufito wa kupimia tangi. Ijumaa hakuuza petroli. Kila Alhamisi baada ya Alasiri aliifunga pampu kwa kufuli, akautumbukiza ufito, mimi nikamwonyesha umelowa mpaka wapi, yeye akafunga uzi mwekundu pale pale. Jumamosi alfajiri tunapima tena. Na kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, petroli ilikuwa imeshuka chini ya uzi. Nilimwambia. Akasema ni joto la Dar es Salaam linaikausha. Nikaamini, maana nani asiyelijua joto la Dar es Salaam?

"Basi umeshinda!" nikasema, karibu nipige kelele. "Zahoro, umeshinda! Chukua vifuu vyako uwapelekee wazee leo leo. Jina lako limesafika!"

"Siwapelekei."

"Umesemaje?"

"Nimekuletea wewe, uvimwage. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue kwamba sikumwaga kitu kisimani. Na nimekuja kuaga. Kesho naondoka kwenda Tanga. Mjomba wangu ana kazi huko."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni.

"Unaniacha?"

"Nifanyeje? Nikisimama mbele ya watu nikasema tangi la Mzee Hamud ndilo lililoharibu kisima, nitakuwa nimemvua nguo barazani kwake mwenyewe. Atanipa binti baada ya hapo? Na hata akinipa, wewe utalala vipi na mtu aliyemwaibisha baba yako? Bora fedheha niondoke nayo mimi. Mimi kijana, nitaanza upya."

"Na mimi nitaanza upya na nani?"

Aliweka kiganja chake kwenye makuti. Nikaweka changu upande wangu, na joto la mkono wake likanifikia. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote niliyowahi kumpenda, na wakati huo huo nilitamani kumpiga na kifuu.

"Zahoro, una mapenzi lakini akili huna," nikamwambia. "Utakwenda Tanga. Watafukia kisima hiki, watachimba kingine hatua ishirini tu, nacho kitanuka. Watamtafuta fundi mwingine wamsingizie. Bi Siwema atamwaga beseni jingine. Watoto wa watu watakunywa. Huko ndiko kumsitiri baba yangu? Huko ni kumwacha awanyweshe watu petroli bila kujua!"

"Niahidi hutasema neno."

"Siahidi."

"Saadiya!"

"Nimesema siahidi! Nenda zako, mama huyo anakuja."

Akaenda bila kuniaga vizuri, na hilo nililiweka moyoni. Nikavifuta vile vifuu machozi yaliyoviangukia, nikakificha kimoja chini ya kanga. Kile cha saba.

*

Msinione mkosefu wa adabu. Kwanza nilimwendea Baba peke yake, kama inavyompasa mtoto. Alirudi kwa kinyozi ananukia marashi, ndevu zimechongwa, akaketi kwenye mkeka kusubiri kahawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejipamba? Kuna nini?"

Nikaweka kifuu mbele yake, nikafunua jani. Alirudisha kichwa nyuma.

"Astaghfirullahi! Nini hiki?"

"Udongo wa chochoro letu, Baba. Pima mbili kwenda chini. Petroli haikauki kwa joto. Tangi linavuja, na maji ya kisima yanainywa."

Hakuuliza nani ameuchimba. Alijua. Uso wake ulibadilika rangi.

"Mchimba mashimo amekutuma uje uniambie mimi habari ya tangi langu? Tangi lile lina miaka mitano tu! Nililizika mwenyewe. Nililichimbia shimo, nikalitandikia mchanga mweupe wa pwani ya Magogoni, mikokoteni kumi na miwili, safi, hauna hata punje ya tope. Marehemu baba yangu mwenyewe sikumlaza kwenye mchanga mzuri namna ile! Likavuje?"

"Baba, uzi—"

"Uzi ni joto! Nimeshasema!" Akanyanyua kidole. "Neno hili likitoka nje ya nyumba hii, Jumatatu unapanda meli kwenda Unguja kwa shangazi yako, na hutarudi mpaka upate mume huko huko. Umenisikia?"

Mama alikuwa mlangoni na kikapu cha samaki. Aliniangalia, akatikisa kichwa polepole, maana yake: nyamaza, mwanangu. Nikanyamaza. Baba alikwenda kuoga upya kabla ya sala. Nilimwona, akipita, akivinusa vidole vyake.

*

Baada ya sala baraza yetu ilijaa. Wazee walikaa kwenye mikeka, vijana walisimama barabarani, na upande wa pili wa mtaa wanawake walijikusanya na ndoo zao tupu, maana siku hizo walikuwa wakifuata maji mbali. Mimi na Mama tulisimama ndani, nyuma ya pazia la mlango, tumevaa buibui zetu.

Mzee Mwinyimvua, mkubwa wa mtaa, mtu wa maneno ya taratibu, ndiye aliyeanza.

"Zahoro, mwanangu. Sisi ndio tuliokuita, na sisi ndio tuliokupigia makofi. Kesho Bwana Afya ataniuliza jina. Kama una la kujitetea, sema. Tunakusikiliza."

Zahoro alikuwa amesimama katikati, kofia mkononi. Alitazama chini.

"Sina la kusema, mzee. Liandikeni jina langu."

Watu wakaguna. Bi Siwema kule ng'ambo akasema, "Si nilisema mimi?" Na Baba yangu? Baba alikuwa ameketi mbele ya wote, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda puani avinuse vidole, unashuka, unapanda tena. Wallahi sikupanga. Ulimi ulitoka wenyewe.

"Mzee Mwinyimvua, shikamoo!"

Vichwa vyote viligeuka. Mama alinishika mkono, nikauchomoa.

"Marahaba," akasema mzee, akilitazama pazia. "Leo mlango umeanza kusema?"

"Ni mimi, Saadiya. Naomba jambo moja tu. Jana Alasiri Baba ameifunga pampu kwa kufuli, na uzi wa ufito ameufunga kwa mkono wake. Tangu hapo petroli haijatiwa kwenye motokaa hata moja, hata tone. Naomba tangi lipimwe sasa hivi, mbele yenu. Ufito ukitoka umelowa mpaka kwenye uzi, mimi ni mwongo. Niozesheni mumtakaye, na naapa sitafungua kinywa changu tena maisha yangu yote."

Mama aliniambia baadaye kwamba maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeyaamini.

"Saadiya!" Zahoro akasema kwa uchungu, mbele ya kadamnasi, akilitaja jina langu kama mtu aliyelizoea. Kosa jingine hilo. Watu wakaguna tena.

Baba alisimama. Nikajua nimekwisha. Niliiona meli ya Unguja. Nilimwona shangazi na tasbihi yake. Baba angeweza kusema neno moja tu, "Ingia ndani," na mambo yakaishia pale, kwa sababu nyumba ni yake, tangi ni lake na binti ni wake.

Lakini baba yangu, pamoja na kiburi chake chote, hakuwahi kupunja mizani. Hata watoto wakitumwa sukari, aliwapimia kama watu wazima. Akatazama watu, akawatazama wale wanawake na ndoo tupu.

"Mwinyimvua," akasema, "macho yangu si mazima. Yako ni mazima. Twende ukausome wewe."

Wakaingia uani, na nyuma yao nusu ya mtaa. Mimi na Mama tukakimbilia dirishani. Kifuniko kikafunuliwa. Baba akautumbukiza ufito kwa mkono wake, akautoa, akamkabidhi Mwinyimvua. Mzee akautazama. Akauinua kwenye mwanga, akautazama tena.

"Hamud, vidole vinne chini ya uzi."

"Pima tena."

"Vinne."

"Tena!"

"Ndugu yangu, hata ukipima mpaka Magharibi, ni vinne."

"Joto—" Baba akaanza, halafu akakoma. Tangu jana yake kulikuwa na mawingu na manyunyu. Usiku ule mtaa mzima ulilala na mashuka.

Baba akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya kanzu.

"Ng'oeni ua," akasema.

"Mzee?" kijana mmoja akauliza.

"Ung'oeni ua wote. Anayetaka kuona, aone. Na mwenye sigara aizime. Zahoro! Leta mtaimbo wako, ulichimbue tangi langu."

Makuti yakang'olewa, na chochoro zima likawa linatazama ndani ya uani kwetu. Zahoro akashuka. Sijui niseme nini juu ya kumtazama mtu unayempenda akifanya kazi anayoijua. Mikono yake haikuwa na haraka wala hofu. Alipofika dhiraa mbili, ule mchanga mweupe wa Magogoni ulianza kutokea, ila haukuwa mweupe tena. Ulikuwa na rangi ya kahawa, umelowa, na harufu ikapanda mpaka watu wakarudi nyuma wakiziba pua.

"Ni petroli hiyo," mtu akasema. "Hata kipofu anajua."

Zahoro akapangusa ubavu wa tangi kwa kiganja. Chuma kikamomonyoka chini ya vidole vyake kama gamba kavu la mkate. Palikuwa na tundu la ukubwa wa choroko, na juu yake jingine, na jingine. Petroli ilikuwa inatoka tone tone, taratibu, bila ya haraka.

Akachukua mchanga mkavu wa pembeni, akaonja chembe kwa ncha ya ulimi. Akamnyoshea Baba kiganja. Baba naye akaonja.

"Chumvi," akasema Baba.

"Ndiyo, mzee."

"Mchanga mweupe vile?"

"Mweupe, lakini wa bahari. Sisi watu wa visima hatuutumii mpaka uoshwe kwa maji matamu na upigwe na mvua za msimu mzima. Chumvi yake inakula chuma. Halafu mimi nilipokizidisha kina kisima, kikaanza kuvuta maji ya mbali zaidi, kikaifuata petroli mpaka huku."

Baba akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu.

"Ningemwuliza fundi wa visima siku ile," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Nyumba ya baba yako iko mitaa miwili kutoka hapa. Lakini nilijiambia, nani amwulize mchimba mashimo?"

Akapanda juu ya kifusi. Kanzu yake ilikuwa imechafuka mpaka magotini, na mimi sijawahi kumwona mtu mrefu kuliko alivyokuwa siku ile.

"Enyi watu wa mtaa huu!" akasema kwa sauti. "Maji yenu nimeyaharibu mimi, Hamud bin Muhiddin. Si fundi. Mimi. Mwinyimvua, kesho jina la kuandika ni langu. Tangi hili linatolewa, na kisima kipya nitawachimbia mimi, upande wa juu. Bi Siwema, nisamehe. Nisameheni nyote."

Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi wa dhihaka. Zahoro akageuka mle shimoni, amejaa tope.

"Nani huyo? Hakujua! Wewe uliwahi kukiri kosa mbele ya mtaa mzima? Basi funga mdomo."

Mluzi ukakatika. Baba akamtazama.

"Zahoro. Ulijua lini?"

"Tangu juzi, mzee."

"Tangu juzi. Na leo umeulizwa mbele ya wazee, ukasema waandike jina lako."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

Zahoro akajipangusa uso kwa mkono, akazidi kujipaka tope. "Wewe ni baba yake Saadiya," akasema.

Basi, hayo tu. Baba akachukua ncha ya kilemba, akajifuta macho. Watu walisema ni ile harufu ya petroli. Mimi binti yake najua.

"Mwinyimvua," akasema, "posa ya kijana huyu iko kwangu tangu mwezi wa Jamadi. Nilisema mbele yenu kwamba simpi binti yangu mtu aliyewaharibia watu maji. Basi mtu huyo ameonekana ni mimi, na mimi sihitaji mke mwingine, huyu mmoja ananitosha."

Watu wakaangua kicheko. Mama akajifunika uso kwa buibui.

"Kijana aliyekubali kuivaa fedheha yangu ili mimi nisitirike," Baba akaendelea, "atashindwa kumsitiri mwanangu? Nimeikubali posa. Leteni wazee wenu, na safari hii waje wale kwangu."

Vifijo vilivyopanda pale vilisimamisha watu wa mikokoteni barabarani. Bi Siwema alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, yeye aliyekuwa wa kwanza kulaumu, na alivipiga mpaka akakohoa. Lakini Mzee Mwinyimvua akainua mkono.

"Taratibu, jamani. Binti hajaulizwa."

Akaja dirishani, akasimama ubavuni, macho yake ameyaelekeza pembeni kwa heshima.

"Saadiya binti Hamud. Umeposwa na Zahoro, fundi wa visima. Baba yako ameridhia. Nawe waridhia?"

Sasa, kwetu sisi mwari akiulizwa hajibu. Anainamisha kichwa, ananyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake, mama yake ndiye anayesema, "Amenyamaza, maana yake amekubali." Mama alikuwa ameshanifundisha hayo tangu nina miaka kumi na miwili. Akanifinya paja nikumbuke. Nikainamisha kichwa. Mtaa wote ukatulia kusikiliza nitakavyonyamaza. Na nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nikamwona Zahoro amesimama shimoni, ameinua uso, anangoja, na machoni mwake mlikuwa bado na woga kidogo, kama mtu asiyeamini kwamba amepewa.

Siku ishirini na mbili alikuwa amekaa kimya watu wakimsema. Kimya kilikuwa kimemtosha.

"Namtaka!" nikasema. "Jamani, namtaka! Nimemtaka tangu siku ya kwanza, na angekwenda Tanga ningemfuata kwa miguu!"

Kilichofuata sikisikii vizuri mpaka leo, kelele zilivyokuwa nyingi. Mama alinifinya tena, mara hii huku akicheka na kulia kwa pamoja. Mzee Mwinyimvua alijishika mbavu. Zahoro aliketi kwenye ukingo wa shimo, akaficha uso ndani ya mikono yake yenye tope, mabega yakimtikisika.

"Saadiya, mwanangu," Baba akaniita kutoka kule kwenye kifusi, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, "wameshasikia mpaka sokoni. Ingia ndani."

Nikaingia. Lakini kwanza nilisimama pale pale dirishani, mchana kweupe, mbele ya baba yangu na mtaa mzima, nikamtazama Zahoro mpaka nikashiba.